Ulanzi wa Siku ya Ua

Mimi si mtu wa kushtuka. Nalisema wazi, na yeyote anayenifahamu pale Ubaruku atawathibitishia. Nimeona mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ukikatika na kupita juu ya utosi wangu ukivuma, nikaendelea kunywa chai. Nimepigiwa simu kwamba lori langu limelala ubavu mlima Kitonga na magunia yote ya mchele yako bondeni, nikauliza kama dereva ni mzima, nikaambiwa mzima, nikageuka upande wa pili nikalala. Nilianza maisha kwa kubeba magunia mgongoni, darasa la saba sikulifikia, na leo nina mashine tatu, malori manne, na nyumba Mbeya ambayo watu wakipita mbele yake hupunguza mwendo. Mtu aliyepita huko nilikopita, nilikuwa najiambia, hakuna kitu duniani kitakachomkuta hajajiandaa. Nimejiambia hivyo miaka mingi, mpaka msimu huu wa mvua, mke wangu aliponiweka chini kwa ua.

Huyu mke wangu, Mama Atupele, anapenda mimea ya ndani. Sebuleni kwangu mtu anakaa anachunguliwa na majani kila upande. Miaka kama miwili nyuma alinunua mmoja kwa wauza maua wa barabarani, mmea wa ajabu usio na sura: majani bapa, marefu kama mikanda ya suruali, yanaota moja kutoka ubavuni mwa jingine, hayana mwiba wala uzuri. Nilimwambia bora angepanda mchicha. Akanijibu ni aina ya kakati wa misitu ya joto, una ua la usiku, nisubiri. Mimi kusubiri siwezi. Nimekuza mpunga maisha yangu yote, najua dawa ya kitu kisichozaa, basi nikawa nautilia mbolea ya urea kwa siri, na maji ya kutosha, kama jaruba la mpunga. Mmea ukarefuka mpaka ukashika pazia, ua hakuna, na chini shina likaanza kulegea kama ndizi iliyolala. Mama Atupele alipogundua alinifukuza pale dirishani kama anafukuza kuku. Akaung'oa, akakata palipooza, akaupanda upya kwenye udongo uliochanganywa na pumba na vipande vya mkaa, na kipindi chote cha baridi akaunyima maji mpaka nikauonea huruma. "Huu si mpunga, Baba Atu," aliniambia. "Huu ukiushibisha hauna haja ya kuzaa."

Sasa siku hiyo nimetoka Ubaruku, mvua imenyesha njia nzima, nafungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe, na harufu ikanikuta mlangoni. Siwezi kuieleza vizuri. Ni tamu, ila ina ubaridi ndani yake, kama sabuni mpya iliyofunguliwa karibu na tunda lililoiva. Nilikaa chini kwenye vigae na buti zangu zina tope, mzee mzima, na kitu kilichonijia mdomoni hakikuwa neno, ilikuwa ladha ya ulanzi. Mke wangu akatoka mbio sebuleni kuniita nione, limefunguka, akanikuta hapo sakafuni akadhani presha. Nyuma yake niliona ua lenyewe, jeupe, kubwa kama sahani ya chai, limening'inia kwenye ukingo wa jani. Nikamwambia hilo ua nalijua. Nililala nalo chumba kimoja.

Nimelelewa Kihesa, pale Iringa, na Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Nyinyi wenzangu mliokua enzi za koroboi mnazijua nyumba zile: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na baridi ya Juni inayopenya chini ya mlango. Mama Mkubwa hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mimi, na alikuwa na ua lake. Lilikuwa kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia, lililotobolewa chini kwa msumari, limekaa kwenye stuli kando ya dirisha la chumba tulicholala, kwa sababu nje baridi ingeliua na mbuzi wa jirani wangemalizia. Alilipata kwa mwenzake wa kwaya, kipande cha jani tu. Alikilaza kile kipande dirishani mpaka kidonda chake kikakauka na kuwa kigumu kama gaga, ndipo akakichomeka udongoni. Kazi yangu ilikuwa kuyafuta majani vumbi kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi. Nilikatazwa kuligeuza kopo likiwa na vichwa vya maua, na nilikatazwa kuvigusa hivyo vichwa, kwamba vitaanguka.

Mama yangu, niliambiwa, amekwenda Ubaruku kupanda mpunga. Ukiiva atarudi. Kihesa sisi tulikula ugali, wali ni Krismasi, na mpunga wenyewe ukiwa shambani sikuwahi kuuona. Kichwani mwangu mpunga ulikuwa mti. Mti mkubwa, mgumu, kama mparachichi, unaokaa miaka mingi bila kuzaa. Kwa hiyo sikulia wala sikusumbua. Watoto waliponiuliza mama yako yuko wapi, niliwaambia kwa majivuno kwamba yuko Ubaruku anasubiri miti yake, na ikiiva nitakuwa tajiri kuliko baba zenu. Hilo la mwisho, angalau, lilikuja kuwa kweli.

Mvua zikianza, ua linatoa vichwa. Kinaanza kidogo kama kichwa cha kiberiti pembeni mwa jani, kinarefuka, kinaning'inia chini kama kimechoka, halafu siku moja unaamka unakuta kimeinua shingo, kama bata aliyesikia kitu. Hiyo ndiyo siku. Nilikuwa naitambua pia kwa Mama Mkubwa. Alfajiri anashuka barabara kuu na kikapu kitupu, anampa konda wa basi linaloelekea upande wa Ilula, anarudi mikono mitupu. Nilimwona mara nyingi na sikujiuliza kitu. Vikapu na matenga ya nyanya yalipita njia ile kila siku ya Mungu. Mchana kutwa anafagia pale alipokwisha kufagia. Na jioni, kabla giza halijakolea, ananipa ulanzi.

Asiyekulia Iringa labda hajui. Ulanzi ni maji ya mwanzi. Wakati wa mvua watu wanakata chipukizi la mwanzi, wanategesha kikombe cha mwanzi chini yake, na asubuhi kimejaa. Ule wa siku hiyohiyo ni mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ukilala unakuwa mkangafu, huo unang'ata, huo ni wa wanaume vilabuni. Wangu ulikuja kwenye kikombe cha bati cha kijani, umejaa mpaka ukingoni, umekorogwa na sukari, na chini ya sukari nilikuwa nasikia kabisa kitu kinaning'ata ulimi. Nani analalamika? Watoto wenzangu walipewa funda moja, mimi kikombe kizima. Nilijivunia kikombe kile pale bombani mpaka wakanichoka. Kwetu, niliwaambia, siku ya ua mtoto anakunywa kama mzee.

Asubuhi yake niliamka kichwa kizito, na ua limekwisha. Limenywea, linaning'inia kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Lakini mlangoni kuna kikapu kimejaa nyanya, na juu ya blanketi langu kuna kitu kipya. Kaptura mara nyingi. Mara moja soksi, na mara moja viatu vya plastiki, na kila kitu kinanikaa sawasawa, hakivuti wala hakipwayi. Nikimuuliza Mama Mkubwa, anasema, "Ua limekuletea." Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Ua linalotoka usiku na kufa asubuhi linashindwa nini kuleta kaptura? Hata harufu iliyobaki kwenye blanketi, harufu kali ya majani ya nyanya, niliihesabu kuwa ni ya ua pia.

Kilichoniharibia ni ubishi. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa pale bombani, akasema mbele ya wote kwamba hakuna ua la hivyo, kama lipo nieleze likifunguka linafananaje. Sikuwahi kuliona limefunguka hata mara moja, na hapo ndipo liliponigonga kwamba hilo ni jambo la ajabu, mtu kulala hatua mbili kutoka kwenye kitu miaka yote asikione.

Kwa hiyo kichwa kilichofuata kilipoinua shingo, nikapokea kikombe changu, nikaaga naenda kunywea kitandani, nikaumwaga wote nje ya dirisha. Nikajifunika mpaka puani, nikayaacha macho wazi kiasi cha uzi. Harufu ilitangulia. Ilikuja polepole, halafu ikajaa chumba chote mpaka nikahisi naimeza. Niliona jeupe linatanuka pale kwenye stuli, kwenye mwanga wa koroboi, na moyo wangu ukawa unashangilia, kesho nitawaeleza. Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Minong'ono. Akaingia mwanamke, kanga kichwani imelowa mvua, kikapu mkononi.

Hakulitazama ua. Nilishtuka kwa hilo kabla sijashtuka kwa jingine lolote. Limefunguka, chumba kizima kinanukia, na yeye akalipita kama linavyopitwa gunia, akaja moja kwa moja kitandani kwangu. Akapiga magoti. Akafunua blanketi upande wa miguu, akatoa kamba ya kitambaa kiunoni mwake, akanipima. Alinipima kutoka kiunoni mpaka gotini, taratibu, mtu anavyopima kitu kinachoweza kuvunjika, halafu akatandaza kiganja chake kwenye unyayo wangu, kikakaa hapo. Kilikuwa cha baridi na kinanuka majani ya nyanya. Akamwambia Mama Mkubwa kwa sauti ya chini, "Dada, amerefuka."

Ni hayo tu. Nikajua. Hakuna aliyeniambia, na uso sikuuona vizuri, lakini nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikafumba macho kwa nguvu. Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri nikiyafungua yote atanywea, kama linavyonywea lile. Kwa hiyo mama yangu alikaa na mguu wangu mkononi na mimi nikajifanya nimelala, mpaka nikalala kweli.

Asubuhi sikungoja uji. Nilikimbia bombani nikawatangazia wote kwamba mama yangu amekuja usiku kutoka Ubaruku, nimemwona kwa macho yangu, na ua nimeliona. Walicheka. Ila mwanamke mmoja aliyekuwa anakinga ndoo hakucheka. Aliacha maji yakafurika, akainama, akaniuliza kwa upole kabisa alikuwa amevaa kanga gani huyo mama. Nikafurahi kupata mtu mzima wa kunisikiliza. Nikamweleza rangi ya kanga, kikapu, nyanya, alivyonipima na alichosema. Sikubakiza kitu.

Nilizunguka nikijitapa mpaka mchana. Niliporudi nyumbani nilimkuta Mama Mkubwa kizingitini na panga. Kopo lilikuwa limelala chini, udongo umemwagika, naye anayakatakata yale majani, yale niliyokuwa nayafuta kila Jumamosi, vipande vidogo kama mboga ya nguruwe. Maji yake yalikuwa yanamtiririka mikononi. Mwanamke ambaye hakuwahi kumtukana hata kuku. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Nani alikutuma ukaseme?"

Sikuelewa swali. Nilidhani amegundua habari ya dirishani. Nikamwambia, "Nilimwaga, Mama. Sitamwaga tena, nitakunywa wote."

Panga likasimama. Alinitazama, kisha akaendelea kukata. Baada ya siku ile hapakuwa na ua tena, wala kaptura, wala harufu ya nyanya kwenye blanketi. Na mimi miaka yote niliamini kwamba adhabu ile ilikuwa ya ulanzi.

Nilipopata nguvu za kubeba nusu gunia nilitoroka shule nikaenda Ubaruku. Huwa nawaambia watu nilifuata pesa. Si kweli, nilimfuata yeye. Niligundua kwanza kwamba mpunga ni nyasi, unaiva ndani ya miezi, nikasimama kwenye tuta najihisi mjinga wa mwisho. Nikapita majaruba yote namuulizia. Niliwauliza Wasangu, niliwauliza Wanyakyusa waliokuja kwa vibarua, niliwauliza Wasukuma na ng'ombe wao. Hakuna aliyewahi kumsikia. Sikuwa na nauli ya kurudi, nikaomba kazi ya kubeba kwenye mashine. Utajiri wangu wote mnaouona ulianzia hapo, kwa kukosa nauli na kumkosa mtu.

Basi kulipokucha baada ya lile ua la sebuleni, nikampigia Mama Mkubwa. Bado yuko Kihesa, kwenye nyumba niliyomjengea palepale pa zamani. Nikamwamkia, "Kamwene, Mama." Akaitikia, "Kamwene, baba," akauliza watoto, akauliza mvua. Nikamwambia jana nimesikia harufu ya ua lile, naomba aniambie lilikuwa la nini.

Akasema alikuwa anangoja niulize tangu nikiwa na meno ya utoto, na akanieleza yote, bila kulia, kama mtu anayetua ndoo.

Mama yangu hakuwahi kukanyaga Ubaruku. Alinizaa akiwa bado kwa wazazi wake. Halafu akatokea mtu wa Ilula, mkulima wa nyanya, anataka kuoa msichana ambaye hajazaa, na wazee wakamwapia kwamba huyu hajazaa. Nikaachwa Kihesa. Mume alikuwa hamruhusu kutoka hivihivi, lakini habari ya ua ilimchekesha. Aliwaambia wenzake kwamba wake zetu hawa wanakesha kwa sababu ya jani, akamwacha aende kulala kwa dada yake. Ua ndilo lilikuwa ruhusa. Kikapu kitupu ndiyo ilikuwa taarifa kwamba limeinua shingo, njoo. Na ulanzi, ule wa kung'ata uliofichwa kwenye sukari, ulikuwa wa kunilaza, nisimwone nikamtaja. Mama Mkubwa alikuwa ananijua mdomo wangu tangu nikiwa mdogo.

Yule mwanamke wa ndoo alikuwa wifi wa mama yangu, dada wa mume, ameolewa pale Kihesa. Kabla ya saa sita alikuwa mlangoni anauliza mtoto huyu ni wa nani. Mama Mkubwa akaapa ni wake, wa kumzaa, na kwamba mtoto alikunywa mkangafu akaota. Akachukua panga mbele ya macho yake, akasema kama ni ua linaloleta maneno, basi halipo. "Nilikuwa na ndoa ya mdogo wangu mkono mmoja na wewe mkono mwingine," aliniambia. "Nikakata kilichokuwa katikati."

Nikauliza yuko wapi. Nilitegemea anitajie kaburi.

"Yupo palepale Ilula. Mume alishakufa. Anauza nyanya barabarani."

Simu ilinitoka mkononi ikaanguka kwenye kapeti. Barabara ile ndiyo barabara yangu. Malori yangu yakienda Dar yanapita Ilula, yanasimama Ilula, madereva wananiletea nyanya za Ilula, nazila, nazisifia. Niliiokota nikauliza kwa nini hakunijia basi, mume akishakufa. Mama Mkubwa akasema alimwuliza hivyohivyo, akajibiwa: nimjie sasa ana magari, aseme nimefuata pesa?

Tuliondoka Mbeya kesho yake alfajiri, Mama Atupele amepakata chungu cha ua mapajani, kilikuwa kimebaki na kichwa kimoja, na kwenye kona hakutaka niendeshe kasi. Mfukoni nilikuwa na bahasha. Ilikuwa nene. Sitataja kiasi, ila ni pesa ya kununulia shamba. Mama Mkubwa alikuwa amenielekeza: gari likisimama, wauzaji wote watakukimbilia na ndoo, wewe tafuta asiyekimbia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya ndoo zake, chini ya turubai, bibi mwembamba mwenye kanga iliyopauka. Mimi ninayeongea mashine tatu zikinguruma na watu wakanisikia, mbele yake nilinong'ona. Nikauliza kitu pekee kilichonijia.

"Mama, ndoo bei gani?"

Hakunitazama usoni. Alianza na viatu vyangu, akakaa hapo, akapanda polepole mpaka gotini, mpaka kiunoni.

"Elfu nane," alisema. "Umerefuka."

Sijui nilipiga magoti saa ngapi. Najua suruali ililowa tope. Mama Atupele akaja na chungu akakiweka katikati yetu, na mama yangu akakigusa kile kichwa cha ua kwa kidole, kile nilichokatazwa kugusa, akasema kitafunguka kesho. Nikatoa bahasha nikamwekea mapajani. Akairudisha. Nikaiweka tena. Akaishika, akaifunga mkononi mwangu kwa vidole vyake, na akaniambia kwa sauti ileile ya chini, "Uliuliza ndoo."

Basi nikatoa noti ya elfu kumi. Akafungua fundo la kanga, akanirudishia chenji na mia tano juu, kwamba mimi ananipunguzia. Maisha yangu yote sijanunua kitu bila kubishana bei, na siku hiyo sikubishana. Ilinigharimu shilingi elfu saba na mia tano.